Maungo ya Neno

Neno “hatukuandikiana”, likitamkwa kwa pumzi moja na mtu wa Lamu au wa Bagamoyo anayeeleza kwamba yeye na nduguye walikaa zama nyingi pasipo kupelekeana barua, halimtaabishi msemaji wala halimshangazi msikilizaji. Walakini Mwingereza, akitaka kuyasema hayo hayo kwa lugha ya kwao, hana budi kuyatafuta maneno saba na kuyapanga safu moja, kila neno likiwa limejitenga na jirani yake. Ukilifungua neno letu utakuta ndani yake “ha-” inayokanusha, “-tu-” inayotaja kuwa watendaji ni sisi, “-ku-” ambayo baada ya ukanushi huonyesha kuwa jambo limekwisha kupita, shina “-andik-” lililobeba kitendo chenyewe, “-i-” inayokielekeza kitendo kwa mtu mwingine, “-an-” inayokifanya kitendo hicho kiwe cha pande mbili, na ile “-a” ya mwisho ambayo wengi huipuuza, ilhali ndiyo inayolifunga neno na kulitenga na “tusiandikiane” lenye “-e” ya matakwa. Viungo ni saba, wala hakuna hata kimoja kiwezacho kuondolewa pasipo maana kugeuka au neno kuvunjika.

Namna hii ya kuliunda neno, kwa kutia viungo mbele ya shina na nyuma yake, tumeizoea mno hata tukaidhani kuwa ndiyo tabia ya kila lugha chini ya jua; na kwa sababu hiyo yafaa kuwauliza jirani zetu wao hufanyaje, maana mtu hatambui vema mpango wa nyumba yake mpaka aingie katika nyumba za watu wengine.

Mturuki, akiwa katika hali hiyo hiyo ya kutopelekeana barua na nduguye, atasema “yazışmadık”, nalo ni neno moja kama letu: “yaz” ni kuandika, “ış” ni kutendeana, “ma” ni ukanushi, “dı” ni wakati uliopita, na “k” ya mwisho ni sisi. Viungo vyake vyakaribia kulingana na vyetu, lakini mpangilio umepinduka. Kwani sisi humtaja mtendaji na wakati kabla ya kulifikia shina, naye Mturuki hulitanguliza shina, akaviandamisha viungo vyote nyuma yake, hata mtendaji asijulikane mpaka neno liwe limekwisha. La ajabu zaidi ni kwamba lugha hizi mbili, ambazo hazina nasaba yoyote baina yao, zimepatana katika adabu ya irabu. Mturuki huitazama irabu ya shina kabla ya kuichagua irabu ya kiungo, akasema “evler” kwa nyumba nyingi na “kitaplar” kwa vitabu vingi. Nasi, kwa kanuni iliyo ya aina hiyo ijapokuwa si ile ile, husema “pikia” kwa kuwa shina ni “pika”, lakini “somea” kwa kuwa shina ni “soma”, na mtoto mdogo aghalabu hakosei, wala hapana mtu aliyepata kumkalisha kitako akamfundisha.

Ukivuka bahari mpaka Maskati, ukamwuliza Mwarabu naye angesemaje, atakujibu “lam natakaatab”, na hapo utakuwa umeingia katika ujenzi wa namna nyingine kabisa. Kwa Kiarabu shina si kipande cha neno kiwezacho kutamkwa, bali ni herufi tatu, kaf na ta na ba, zilizobeba maana ya kuandika lakini zisizoweza kutamkika mpaka zitiwe irabu baina yake. Ukizitia irabu hivi utapata “kataba”, yaani aliandika. Ukizitia vile utapata “kaatib”, mwenye kuandika. Ukiendelea utapata “kitaab”, ndicho kile kilichoandikwa kikakusanywa, na “maktab”, mahali pa kuandikia, na “maktuub”, lililokwisha kuandikwa, na “takaataba”, ambalo ndilo la kuandikiana. Maana ya asili imo katika zile herufi, na maana ya pili imo katika kipimo ambacho herufi zimetiwa ndani yake, na kipimo hicho maulamaa wa nahau hukiita wazani. Sisi tukitaka kuigeuza maana ya neno huongeza kiungo pembeni, naye Mwarabu aghalabu hubadili yaliyomo ndani ya neno, ijapokuwa viungo vya pembeni anavyo pia.

Miongoni mwa watu wa kwanza walioipima siri hiyo kwa kanuni ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd mwenye asili ya Omani, aliyeishi na kufundisha Basra katika karne ya 8. Yeye ndiye aliyeianzisha kamusi ya kwanza ya Kiarabu, na alivyoipanga ni jambo la kustaajabisha hata leo. Hakufuata mpango wa alifu na be, bali alizipanga herufi kwa mahali zinapotokea kinywani, akianza na zile za ndani ya koo na kumalizia na zile za midomoni. Na kwa kuwa alianza na ayni, kamusi yake ikaitwa Kitabu cha Ayni. Kisha akaona kwamba herufi tatu zaweza kupangwa kwa njia sita wala si zaidi, basi kila alipozishika herufi tatu alizigeuza njia zote sita, akatazama ni mpango upi ambao Waarabu wameutumia na ni upi walioutupa. Mwanafunzi wake Sibawayhi, aliyekuwa Mwajemi kwa asili, ndiye aliyeandika kile kitabu kikubwa cha nahau ambacho watu kwa heshima walikiita “Kitabu” tu, pasipo kukiongezea jina jingine. Ayni hiyo, ambayo al-Khalil aliitanguliza mbele ya herufi zote, wazee wetu wa pwani hawakuipokea. Waliichukua elimu na jamaa na saa na maneno mengine mengi yaliyokuwa nayo, lakini sauti yenyewe waliiacha.

Mchina wa Beijing hana herufi za kugeuza wala viungo vingi vya kubandika. Atasema “women meiyou huxiang xie xin”: sisi, hapana, pande zote mbili, andika, barua. Neno lake la kuandika ni “xie”, nalo litabaki “xie” awe mwandikaji ni mimi au ni wao, iwe ni jana au ni kesho. Mahali neno lilipowekwa katika safu, pamoja na vineno vidogo vinavyoandamana nalo, ndivyo vinavyofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na viambishi. Lakini asidhani mtu kuwa lugha hiyo ni maskini. Mchina akikuta kitu kipya huchukua maneno mawili mafupi akayaweka bega kwa bega, na mara jina limepatikana: “dianhua”, umeme na usemi, ndiyo simu, “diannao”, umeme na ubongo, ndiyo kompyuta, “huoche”, moto na gari, ndiyo treni. Sisi tuliposema gari la moshi tulikuwa tumesimama kando ya reli ile ile tukilitazama jambo lile lile, ila wao waliutazama moto, nasi tukautazama moshi.

Zamani wako wataalamu wa Ulaya waliozipanga lugha za dunia kwa daraja, juu na chini. Friedrich Schlegel, katika kitabu chake cha mwaka 1808 juu ya lugha na hekima ya Wahindi, alizitukuza lugha ambazo shina lake hubadilika kwa ndani, akazihesabu zile zinazobandika viungo kuwa ni za daraja ya chini. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Lugha yoyote iliyotosha kwa watu kuoana, kufanya biashara, kushitakiana na kumwabudu Mungu, imetosha. Na tofauti ya ujenzi ni tofauti ya njia, si tofauti ya akili.

Nguvu ya njia hizo yaonekana vizuri zaidi pale neno la lugha moja linapohamia katika lugha nyingine. Tulifuate neno moja tu, hilo hilo “kitaab” la Waarabu, ambalo kwa kuwa dini na elimu na hukumu zilisafiri nalo, limefika mbali kuliko wafalme wengi. Nyumbani kwake wingi wa neno hilo ni “kutub”, herufi tatu zikiwa zimebaki na irabu zikiwa zimebadilishwa. Lilipofika kwa Waturuki likawa “kitap”, na wingi wake wakaufanya kwa kiungo chao wenyewe, “kitaplar”. Na wakitaka kusema “katika vitabu vyetu” huendelea kuunga nyuma tu, “kitaplarımızda”. Waajemi husema “ketabha”, ijapokuwa mwandishi wao apendaye fahari huweza kuutumia ule wingi wa Kiarabu. Wasemao Kiurdu wakaligeuza mwisho wake likawa “kitaben”. Wamalei, ambao kwao njia mojawapo ya kuonyesha wingi ni kulisema neno mara mbili, husema “kitab-kitab”, jambo ambalo kwetu lingeleta maana nyingine, kwa kuwa sisi tukirudia neno, kama katika lialia na chekacheka, aghalabu huwa twakusudia kitendo kinachorudiwarudiwa au kisicho na kikomo cha maana. Nasi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tukasema “vitabu”.

Hebu tulitazame vema tulilolifanya, kwa maana ni la kijasiri kupita yote hayo. Wengine wote walilipokea neno likiwa zima, wakalibandika kitu mwishoni mwake au wakalirudia, sisi tulilikata. Ile kaf ya mwanzo ni mojawapo ya nguzo tatu zinazolisimamisha neno hilo katika Kiarabu, na sisi tuliiondoa tukaweka “v” mahali pake, hata Mwarabu asiyejua Kiswahili akisikia “vitabu” hawezi tena kuziona herufi zake tatu. Kisha, kana kwamba hilo halikutosha, tukaunda “kijitabu”, na kwa neno hilo ushahidi ukakamilika, kwa sababu “ji” haiwezi kuingia mahali hapo ila msemaji awe tayari anaamini moyoni mwake kwamba “ki-” ni kiambishi na kwamba shina ni “-tabu”. Na shina hilo “-tabu”, lenye maana ya maandishi yaliyofungwa pamoja, halikuwako duniani mpaka Waswahili walipolizaa. Hapakuwa na kamati iliyokaa ikaamua jambo hilo, wala mwalimu aliyelihimiza. Sikio la watu lililozoea kiti na viti, kisu na visu, lilipolisikia neno linaloanza na “ki” lililipeleka huko huko kwa wenzake, nalo likatii.

Mara nyingine bahati ilisaidia. Kwa Kiarabu, silabi “mu” mbele ya maneno kama “muallim” na “musaafir” ni alama ya mtendaji. Na kwetu, tangu kale, “m-” mbele ya nomino ni alama ya mtu mmoja. Kwa hiyo mwalimu na msafiri waliingia mlangoni bila kubisha, na wingi wao ukawa walimu na wasafiri, ambao katika Kiarabu wasingekuwa na maana yoyote. Msikiti nao, uliotoka katika “masjid”, ambamo “ma” ni alama ya mahali na herufi za shina ni zile zile zilizotupa neno sujudu, ukahesabiwa pamoja na mti na mkate, ukapata misikiti. Na litazame neno “usafirishaji”: ukiondoa “u-” ya mbele, na “-ish-” ya kusababisha, na “-aji” ya mwisho, utabaki na “safir”, na humo lililo la Kiarabu kwa hakika ni sini, fe na re. Herufi tatu ndizo zilizokuja na jahazi, na kilichobaki chote ni kazi ya mafundi wa nyumbani.

Yako pia maneno yaliyofika kwetu yakiwa tayari yamejengwa, na sisi tukayaweka ukutani kama mawe mazima, tusijue kuwa ndani yake mna mishono. Kiajemi ni lugha inayopenda kuunganisha maneno mawili, na kwa njia ya biashara ya bahari iliyowakutanisha Waajemi, Waarabu, Wahindi na watu wetu, viunganisho vyake kadhaa vimekaa katika vinywa vyetu. Nahodha ni “nav”, chombo cha majini, na “khuda”, bwana au mwenyewe, ndiye bwana wa chombo. Darubini ni “dur”, mbali, na “bin”, mwenye kuona. Bustani ni harufu nzuri na mahali. Karakana ni “kar”, kazi, na “khana”, nyumba; na serikali, neno tulitajalo kila siku, ni “sar”, kichwa, pamoja na “kar” hiyo hiyo, ambayo ni kazi. Kwa hiyo serikali na karakana ni jamaa wa damu moja, na sidhani kama fundi mmoja katika elfu, apitapo mbele ya ofisi ya serikali akielekea karakanani kwake, amepata kulijua hilo. Wala hana haja ya kulijua, kwa maana maneno hayo yamekwisha kupoteza maungo yake ya zamani, na yakitaka kuzaa hapa huzaa kwa sheria za hapa: manahodha, unahodha, kiserikali.

Jambo hilo halikukoma zama za jahazi. Magari yalipokuja, kile kibati kinachozuia matope juu ya gurudumu kilikuwa na jina la Kiingereza lililoanza kwa sauti inayofanana na “ma”. Watu wakasema madigadi, na mara wakapata umoja wake, digadi moja, kwa kuwa “ma-” kwetu ni ya wingi. Na ule mviringo wa barabara ambapo magari huzunguka ukaitwa kiplefti, kutokana na amri ya Kiingereza ya kushika upande wa kushoto, na viwili vikawa viplefti. Wako wanaozicheka habari hizi kana kwamba ni makosa ya wasiosoma. Mimi naziona kuwa ni dalili ya afya, kwa sababu aliyesema viplefti alifanya jambo lile lile hasa alilolifanya yule aliyesema vitabu kwa mara ya kwanza, na huyo wa vitabu leo hapana anayemcheka.

Haki yataka nitaje kwamba wako wageni waliokataa. Sifa tulizozichukua kwa Waarabu, kama safi, hodari, rahisi na ghali, hazikubali kiambishi: twasema mtu mwema na watu wema, kiti kizuri na viti vizuri, lakini mtu hodari na watu hodari, kiti safi na viti safi. Hesabu nazo ni vivyo hivyo. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni za asili yetu, nazo huitii nomino, tukasema watu watatu na vitabu vinane. Lakini sita, saba na tisa, ambazo ni za Kiarabu, husimama vile vile mbele ya watu na mbele ya vitu, watu sita, vitabu saba, miti tisa. Mtu awezaye kuhesabu mpaka kumi na nomino mkononi aweza kwa sikio lake tu kuzitenga hesabu za wageni na zile za wenyeji, ila ajihadhari na kumi yenyewe, ambayo ni mwenyeji lakini imeamua kutobadilika. Kwa nini vitenzi na nomino vilitii, na sifa na hesabu zikakataa? Nomino na vitenzi ndivyo nguzo za sentensi zetu, na kila neno jingine hutazama huko kupata upatanisho wake. Nomino isiyokuwa na ngeli haiwezi kutumika hata kidogo, ilhali sifa isiyobadilika yaweza kuvumiliwa, maana nomino iliyotangulia imekwisha kuonyesha inalosifu.

Nimeyasema hayo kwa urefu kwa sababu lipo dai la siku nyingi, ambalo hata leo huzuka barazani, kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Mwenye kudai hivyo huhesabu maneno, na kwa kweli maneno ya Kiarabu ni mengi, na tena ni ya heshima, ya ibada na sheria na elimu na biashara, wala si jambo la kufichwa au kuonewa haya. Lakini lugha haijulikani asili yake kwa kuhesabiwa maneno, kwa kuwa maneno husafiri pamoja na bidhaa. Hujulikana kwa namna inavyoyaunga, kwa kuwa hayo ndiyo mambo ambayo watu hawayauzi wala hawayanunui. Kiingereza chenyewe kimejaa maneno ya Kifaransa na ya Kilatini, na hapana mwanachuoni anayekitoa katika ukoo wa Kijerumani kwa sababu hiyo.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha mwaka 1850 orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki akiyalinganisha: Kiswahili, lugha ya Wamijikenda, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Mtu akizipitia safu zake ataona pasipo kuambiwa kuwa lugha tano za kwanza ni ndugu, na ya sita ni mgeni wao. Baadaye Mjerumani mwingine, Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi yake Cape Town, ndiye aliyeupa ukoo huo jina la Kibantu, akalieneza kwa kitabu chake cha sarufi linganishi ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1862. Na jina lenyewe alilichukua katika shina ambalo karibu lugha zote hizo zinalo. Sisi twasema mtu, watu, kitu, utu. Waganda husema omuntu, abantu, ekintu, obuntu. Wanyarwanda husema umuntu, abantu, ikintu, ubuntu. Wazulu husema umuntu, abantu, ubuntu. Shina ni moja, na kiambishi ndicho kinachoamua iwapo msemaji amekusudia nafsi, au kundi, au kifaa, au ile tabia inayomfanya mwanadamu aitwe mwanadamu. Hata jina la nchi ya Uganda ni ushahidi wa hayo, kwani wenyewe ufalme wao huuita Buganda, kwa “bu-” ya kwao, na “U-” iliyoko katika jina la jamhuri hiyo ni ile “u-” ya Waswahili, ambayo pia tuliwapa Wareno na Waingereza, tukasema Ureno na Uingereza.

Na sasa nifike kwenye lililo karibu zaidi na moyo wangu, ndilo mnyambuliko wa vitenzi, ambamo hazina yetu kubwa imewekwa. Katika lugha nyingi za Ulaya neno la tatizo halina udugu wowote na neno la utatuzi. Kwetu yote mawili yametoka tumboni mwa “tata”, yaani nyuzi zilizoingiana zisiweze kuachana: ukiwatia watu humo wakashindwa kutoka umewatatiza, na ulilolileta ni tatizo, na kile kiungo “-u-”, ambacho kazi yake ni kulirudisha nyuma lililofanywa, ndicho kinacholeta tatua, na mtatuzi, na utatuzi. Kiungo hicho hicho kimeenea katika nyumba nzima. Paa huezekwa na kuezuliwa, nguo huanikwa na kuanuliwa, kitambaa hufumwa na kufumuliwa, mtego hutegwa na kuteguliwa, shimo hufukiwa na kufukuliwa, jicho hufumbwa na kufumbuliwa, na kwa kuwa maneno nayo hufumbwa, yakawako mafumbo na ufumbuzi wake. Mkeka hukunjwa na kukunjuliwa, na wahenga wetu walipomwona mtu mwenye uso wa bashasha asiyeficha wema wake, walimwita mkunjufu, yaani yule ambaye hana mahali palipokunjwa. Sijui lugha nyingine niliyopata kuisoma ambayo kwa silabi moja ya mwisho humsifu mtu sifa tamu kama hiyo.

Silabi hizo za mwisho zina hukumu kali pia. Kutokana na “jua” twapata mjuzi, ambaye watu humwendea kutaka shauri, na twapata mjuaji, ambaye watu humkimbia. Tofauti yao ni “-zi” na “-aji” tu. Kutokana na “soma” twapata msomaji, ambaye aweza kuwa mtu yeyote mwenye gazeti mkononi, na msomi, ambaye jina hilo hulipata baada ya kazi ya miaka. Kiungo “-aji” humtaja mtu kwa kitendo akitendacho na kwa mazoea yake, na zile irabu na silabi za zamani, “-i” na “-zi”, humtaja kwa hali aliyoifikia. Huo si utaratibu usiovunjika, kwani kila lugha ina vichochoro vyake, lakini mwandishi asiyeusikia ataandika “msomaji mkubwa” pale alipokusudia msomi, na “mpikaji” pale alipotaka kumheshimu mpishi.

Basi inanisikitisha kuona kuwa katika madarasa mengi kauli hizi hufundishwa kama jedwali, kutendea na kutendana na kutendeka na kutendua, na mwanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hutoka asipate kuulizwa hata mara moja avipe majina vitu vipya kwa kuzitumia. Wazee hawakuwa na jedwali, nao waliunda kifungua mimba kwa mtoto wa kwanza, na kitinda mimba kwa mtoto wa mwisho, na kivunjajungu kwa mdudu yule wa kijani. Na kwa kufuata nyayo hizo hizo, “ki-” ikifuatwa na kitenzi na kitenzi kikifuatwa na kitu chake, waandishi wa karne ya 20 walitupa kipimajoto, kinasasauti na kipazasauti, maneno ambayo mtu huyaelewa siku ile ile anapoyasikia. Kinyume chake ni jina tarakilishi, lililotungwa kwa ajili ya kompyuta kwa kuunganisha sehemu ya tarakimu na sehemu ya akili. Sina nia ya kuwavunjia heshima waliolitunga, na lingali likitumika katika vitabu, hasa nchini Kenya. Lakini liliundwa kwa kukata maneno mahali pasipo na kiungo, na msikilizaji asiyeelezwa hawezi kuyatambua yaliyomo, ndiyo maana katika mazungumzo ya kila siku neno la kigeni, kompyuta, limelishinda, nalo limekwisha kupata ngeli na wingi kama tulivyoona kwa wengine.

Lakini palipotakiwa jina la kuchukua kitu kutoka katika mtandao na kukiweka katika chombo cha mtu, na jina la kukipeleka huko kutoka kwake, pakapatikana jambo la kufurahisha. Hamali bandarini hupakia shehena, na shehena ikifika hupakuliwa. Na jikoni chakula kikiiva hupakuliwa katika sahani. Jozi hiyo ya pakia na pakua, yenye kile kiungo cha kurudisha nyuma kilichokuwa kikifanya kazi yake katika paa na mikeka na mafumbo, ilitwaliwa ikapewa kazi mpya, na sasa kijana wa Dodoma husema ameipakua programu, na kwamba faili fulani halipakuliki, na kwamba upakuaji umekatika njiani kwa sababu ya mtandao. Hapakuhitajika kutungwa shina wala kuazimwa kiungo, na hapakuhitajika kueleza, maana kila aliyewahi kukaa kungojea wali alikuwa analijua neno hilo tangu zamani.